Gunpei Yokoi: Fundi wa mashine za karata aliyeuweka mchezo kiganjani

Na Mwandishi Wetu

KATIKA zama hizi ambazo simu ya mkononi hubeba michezo yenye picha zinazokaribia kufanana na sinema, wapo wachezaji, wakiwamo vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000, wanaotafuta kwa udi na uvumba kifaa cha kijivu chenye kioo cha kijani kilichofifia.

Kifaa hicho ni Game Boy, kilichoanza kuuzwa nchini Japani Aprili 21, 1989. Hakina rangi, kioo chake hakina taa na hakiunganishwi na intaneti. Pamoja na upungufu wote huo, vingi kati ya vilivyotengenezwa wakati ule bado vinawaka na bado vinachezeka.

Aliyeongoza kazi ya kukibuni, Gunpei Yokoi, alifariki dunia Oktoba 4, 1997 akiwa na umri wa miaka 56. Watu wanaokijua kifaa chake ni wengi kuliko wanaolijua jina lake, na miaka yake ya mwisho ilifunikwa na kivuli cha kazi moja iliyoshindwa.

Kutoka karata hadi vichezeo

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941 jijini Kyoto. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, jijini humo, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1889 kutengeneza karata za Kijapani ziitwazo hanafuda.

Kazi aliyopewa haikuwa ya fahari. Alitakiwa kuzitunza mashine za kiwandani, na kwa kuwa hazikuharibika kila siku, alibaki na muda mwingi mikononi. Katika muda huo alijitengenezea mkono wa bandia unaorefuka na kufupika kama mkasi, wenye kushika vitu vilivyo mbali.

Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona mkono huo alipokuwa akikagua kiwanda. Badala ya kumkaripia mfanyakazi wake kwa kucheza kazini, alimwagiza augeuze kuwa bidhaa ya kuuza. Uliingia sokoni mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand na ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Tangu hapo Yokoi akawa mbunifu wa vichezeo. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kilichodaiwa kupima mapenzi ya watu wawili walioshikana mikono. Ndani yake hamkuwa na muujiza wowote, bali kipimo cha kawaida cha umeme mdogo upitao mwilini. Ubunifu ulikuwa katika kukipa kifaa cha kawaida kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria.

Kikokotoo ndani ya treni

Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa safarini katika treni iendayo kasi, Yokoi alimwona abiria akiondoa uchovu wa safari kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Wakati huo kampuni za Japani zilikuwa zimeshindana vikali katika biashara ya vikokotoo, hata bei ya vioo na vifaa vyake vya ndani ikawa imeshuka sana.

Mwaka 1980 Nintendo ilitoa Game & Watch, mchezo mdogo wenye saa, ulioenea viganjani mwa mtu mzima bila kuvuta macho ya watu. Hadi mwaka 1991, michezo ya aina hiyo ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 43.

Toleo la mwaka 1982 la mchezo wa Donkey Kong lilikuja na kitufe chenye umbo la msalaba, kilichomwezesha mchezaji kwenda juu, chini, kushoto na kulia kwa dole gumba moja. Hadi leo ni nadra kuona kidhibiti cha michezo ya video kisicho na mrithi wa kitufe hicho.

Ukuukuu wa kamba

Kanuni aliyoifuata Yokoi ilihusu kile alichokiita teknolojia iliyonyauka. Alimaanisha vifaa ambavyo vimekaa sokoni kwa muda mrefu, bei yake imeshuka na kasoro zake zimekwisha kujulikana. Kazi ya mbunifu, kwa mtazamo wake, ilikuwa kuvitafutia matumizi mapya. Wahenga wetu walikwisha kunena kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Game Boy ndiyo iliyoipima kanuni hiyo. Ilikuwa na kioo chenye vivuli vinne tu na iliuzwa Marekani kwa Dola 89.95. Mwaka huohuo wa 1989, kampuni ya Atari ilitoa Lynx, yenye kioo cha rangi chenye taa, kwa bei iliyokaribia mara mbili. Mwaka 1990 kampuni ya Sega nayo ikaleta Game Gear, pia ya rangi.

Kwa macho ya mteja dukani, Game Boy ilikuwa imekwisha kushindwa. Lakini washindani wake walimeza betri sita na kuzimaliza kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilitumia betri nne ndogo kwa saa kumi na zaidi. Yokoi alikuwa amekubali kuipoteza rangi ili mtoto apate muda wa kucheza, na mzazi apunguziwe gharama ya betri.

Sifa hizo si zake peke yake. Mhandisi Satoru Okada ndiye aliyesisitiza kwamba kifaa kiwe mashine kamili ya kubadilisha kaseti. Mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, uliuzwa pamoja nacho Marekani na kuwavuta hata watu wazima. Waya wa kuunganisha mashine mbili nao ulipata kazi kubwa zaidi mwaka 1996, pale mchezo wa Pokémon ulipowafanya watoto kubadilishana viumbe. Game Boy na toleo lake la rangi la mwaka 1998 ziliuzwa jumla ya zaidi ya milioni 118.

Kushindwa na kuondoka

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha. Mwaka 1995 Nintendo ilitoa Virtual Boy, mashine ya kuchungulia kama darubini iliyoonyesha picha zenye kina. Picha zote zilikuwa nyekundu, kwa kuwa taa nyekundu zilikuwa za bei nafuu na hazikula umeme mwingi. Wachezaji walilalamikia maumivu ya macho na shingo. Zilinunuliwa takriban 770,000 tu, na katika muda usiofika mwaka mmoja zikawa zimeondolewa sokoni.

Agosti 1996, baada ya miaka 31, Yokoi aliiacha Nintendo. Wengi waliona kwamba ameondoka kwa sababu ya anguko hilo, ingawa mwenyewe alikanusha. Alianzisha kampuni yake, Koto, na kuanza kuisaidia Bandai kubuni WonderSwan, mashine iliyotumia betri ndogo moja tu.

Hakuiona ikiuzwa. Oktoba 4, 1997, katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa, gari alilokuwamo liligonga lori lililokuwa mbele. Aliposhuka kukagua uharibifu, aligongwa na gari jingine na kupoteza maisha. WonderSwan ilitoka Machi 1999, ikiwa na mchezo uliopewa jina la Gunpey kwa heshima yake.

Anachokikuta mchezaji wa leo

Mchezaji wa leo anayeishika Game Boy kwa mara ya kwanza hukutana na usumbufu halisi. Hana budi kukaa karibu na dirisha au taa ndipo aone kioo, na betri iliyomo ndani ya baadhi ya kaseti ikifa, kumbukumbu zote za mchezo hupotea. Ndiyo maana mafundi wengi huweka vioo vipya vyenye taa na kubadilisha betri hizo kwa kulehemu.

Lakini akiwasha, mchezo huanza ndani ya sekunde chache. Hakuna tangazo, hakuna nywila, wala hakuna kusubiri programu ipakuliwe. Vivuli vinne viliwalazimu wabunifu kuchora vitu vinavyotambulika mara moja, na udogo wa kaseti ukawalazimu kubakiza kile tu kinachofurahisha.

Kampuni nazo zimelitambua hilo. Mwaka 2022 kampuni ya Panic ya Marekani ilitoa Playdate, mashine mpya yenye kioo kisicho na rangi wala taa, na mwaka 2023 Nintendo ilirejesha michezo ya Game Boy katika mashine yake ya Switch.

Virtual Boy inabaki kuwa funzo kwamba vifaa vya bei nafuu peke yake havitoshi iwapo anayevitumia anaumia. Katika Game Boy, Yokoi alianza na mahitaji ya yule atakayekishika kifaa, kisha ndipo akachagua vya kuweka ndani. Hesabu hiyo ndiyo iliyoiwezesha kudumu kuliko washindani wake waliokuwa na rangi.