D. N. PRITT: MWINGEREZA ALIYEWATETEA WAKENYA KAPENGURIA

Katika mijadala ya chama chetu, kila tukigusa habari za kazi, hakosi mtu wa kusema kwamba wakili ni mwongo wa kulipwa tu. Wanaosema hivyo hupigiwa makofi, hasa na wale waliowahi kuona shamba la familia likiliwa na kesi isiyokwisha. Mimi sikubaliani nao, na leo ninamleta shahidi wangu. Jina lake ni Denis Nowell Pritt.

Wengi tumesikia makanga wa Nairobi akitaja Dennis Pritt, barabara iliyo upande wa Ikulu na Kilimani. Ukiuliza huyo alikuwa nani, utaambiwa ati ni gavana au mlowezi. La hasha! Baada ya uhuru majina ya wakoloni yaliondolewa barabarani, hata Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Huyu Mwingereza yeye aliheshimiwa kwa kupewa barabara. Kwa nini?

Pritt alizaliwa tarehe 22 Septemba 1887 huko Harlesden, London. Alisomea Winchester, shule ya watoto wa wenye nacho, kisha Chuo Kikuu cha London. Mwaka wa 1909 alikubaliwa kuwa wakili, na 1927 akapata cheo kikubwa cha Wakili wa Mfalme. Katika siasa alianza na chama cha matajiri cha Conservative, akahamia Liberal, kisha 1918 akaingia Labour, chama cha wafanyakazi. Watu wengi huanza maskini na kuishia kuwapenda matajiri. Yeye alikwenda kinyume.

Sifa zake zikavuka mipaka. Mapema katika miaka ya 1930 Wafaransa walitaka kumnasa Ho Chi Minh, mpigania uhuru wa Vietnam, aliyekuwa ameshikwa Hong Kong. Pritt ndiye aliyesimama upande wake kesi ilipofika London, na Ho hakutiwa mikononi mwa Wafaransa. Mwaka wa 1935 Pritt alichaguliwa kuwa mbunge wa Hammersmith North. Chama chake kilimfukuza 1940 kwa sababu ya kuitetea Urusi ilipoivamia Finland, lakini 1945 alisimama peke yake bila chama na wananchi wakamrudisha bungeni. Alishindwa 1950.

Sasa hebu tuje nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa usiku huo. Watu sita walishtakiwa kwamba ndio waliokuwa wakiongoza Mau Mau: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Serikali haikutaka kesi isikilizwe Nairobi mbele ya umati. Iliwapeleka Kapenguria, mbali kabisa na reli, mahali ambapo hukuweza kuingia bila kibali. Hata jengo la korti halikuwepo. Kesi ilisikilizwa katika darasa la shule! Hapakuwa na wazee wa baraza wa kumsaidia hakimu. Aliamua peke yake. Hakimu mwenyewe alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyetafutwa kwa kazi hiyo.

Pritt alifika akiwa na umri wa miaka 65. Aliongoza kikosi cha mataifa mbalimbali: Dudley Thompson wa Jamaica, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na mawakili wa hapa Kenya A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Kwa kuwa Kapenguria hakukuwa na mahali pa kulala, walikaa Kitale na kusafiri zaidi ya kilomita 30 kila siku. Huko Kitale nako kulikuwa na ubaguzi wa rangi, basi mawakili wa kesi moja hawakuweza kukaa hoteli moja. Pritt alipopeleka simu ya maandishi kwa wabunge wa London kulalamika jinsi kesi inavyoendeshwa, yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau korti! Korti Kuu ya Nairobi ikamwachilia, akarudi kazini.

Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Rawson Macharia, aliyesema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka wa 1950. Mashahidi kadhaa wa utetezi walimpinga. Kwetu Gusii hata mzee wa kijiji anayeamua kesi ya mpaka wa shamba hupima maneno ya pande zote mbili. Thacker alimwamini Macharia, wale wengine akawatupa. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda katika rufani, lakini hata hivyo hakuachiliwa. Aliendelea kuwekwa kizuizini.

Basi Pritt alishindwa? Ndiyo, siku ile alishindwa. Lakini kila swali alilomuuliza shahidi liliandikwa, na maandishi hayaozi. Mwaka wa 1958 Macharia aliapa kwamba alikuwa amedanganya kwa sababu ya ahadi alizopewa na serikali. Kwa kusema hivyo alishtakiwa na kufungwa. Baadaye wanahistoria walifichua kwamba Thacker alipewa pauni 20,000 na serikali. Kenyatta aliachiliwa 1961, na 1963 akawa Waziri Mkuu. Wakili mwongo angekula ada yake na kunyamaza. Huyu alihakikisha kwamba uonevu unaandikwa ili wajukuu wausome.

Hata hivyo, mwenye kusifu na aseme yote. Mwaka wa 1936 Pritt alikwenda Moscow kusikiliza kesi ya Zinoviev, Kamenev na wenzao, jumla yao 16. Walikiri makosa na wakapigwa risasi. Pritt akarudi Uingereza akiandika kwamba kesi ilikuwa ya haki. Mwaka wa 1988 mahakama ya Urusi yenyewe ilisema hawakuwa na hatia. Mimi hapa ndipo ninapojifunza zaidi. Kapenguria alidai ushahidi kwa sababu hakuipenda serikali iliyoshtaki. Moscow hakuudai kwa sababu aliipenda. Mtu yule yule, akili ile ile, lakini mizani miwili.

Baada ya Kapenguria hakupumzika. Mwaka wa 1954 aliwatetea wanafunzi wa chuo kikuu cha Singapore walioshtakiwa kwa sababu ya makala ya gazeti lao, nao wakaachiliwa. Fikirini, gazeti la wanafunzi kama hili letu! Kuanzia 1965 alifundisha sheria Ghana. Alifariki tarehe 23 Mei 1972, akiwa na miaka 84.

Kwa hivyo enyi wenzangu mnaotaka kusomea sheria, msivunjwe moyo na makofi ya mijadala. Wakili si mwongo wa kulipwa, ila akitaka awe. Chukueni ushujaa wa Pritt wa Kapenguria, na lile kosa lake la Moscow mlikumbuke kila mnapomtetea au kumshtaki mtu. Ndovu wawili wakipigana, nyasi huumia. Na wakili wa kweli ni yule anayeuliza habari za nyasi, hata kama mmoja wa ndovu hao ni rafiki yake.