Abdul-Latif al-Baghdadi na Majengo ya Mafirauni

Wengi wetu twadhani kuwa wa kwanza kuzichungua athari za Wamisri wa kale ni Wazungu. Basi twapenda kuwakumbusha ndugu zetu habari za Sheikh Muwaffaqud-Din Abdul-Latif, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyezaliwa Baghdad mwaka 557 Hijria (1162), akasoma huko nahau, fiqhi na hadithi, kisha akasafiri hata Sham na kuonana na Sultani Salahud-Din. Alipofika Misri akawa akisomesha katika msikiti wa Al-Azhar.

Siku hizo, katika mwaka 593 (1196-97), Mfalme al-Aziz, mwana wa Salahud-Din, alishawishiwa na watu wake kuibomoa piramidi ndogo katika zile tatu kubwa za Giza. Wakata mawe walipiga kambi hapo miezi minane, na kwa siku hawakutoa ila jiwe moja au mawili, nalo likianguka lazama mchangani. Gharama zikawashinda, wakaondoka. Piramidi imesimama hata leo, na kovu lake ubavuni. Sheikh alimwuliza msimamizi wao kama angeweza kulirudisha jiwe moja mahali pake lau angepewa dinari elfu. Naye akakiri kuwa hawezi, hata kwa mali maradufu ya hiyo.

Jambo hili lilimsikitisha mno. Aliona kuwa wafalme waliotangulia walifanya vyema kuyahifadhi majengo hayo, ijapokuwa waliyoyajenga hawakuwa watu wa dini yao, kwani ni tarehe, na tena ni ushahidi wa vitabu vilivyoteremshwa vyenye kuwataja watu hao. Lakini watu wa zama zake walitaka dhahabu tu. Kila ufa mlimani waliudhania mlango wa hazina, na sanamu wakaipasua. Hata sanda za maiti wa kale ziliuzwa kwa watengenezaji wa karatasi, wenye maduka wakafungia bidhaa! Twaona haya kusema kuwa miongoni mwa wafanyao hayo walikuwamo watu wa kibla chetu.

Mwaka 1200 mto Nili haukujaa, ikaingia njaa kuu, hata watu wakala watu. Mifupa ikarundikana mahali paitwapo al-Maqs, naye akaenda na wanafunzi wa utabibu kuitazama. Jalinus, imamu wa matabibu wa Kiyunani, alikuwa ameandika kuwa taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana. Sheikh akatazama mafuvu zaidi ya elfu mbili, akawataka na wengine watazame bila ya yeye kuwapo, kisha akenda kwenye makaburi ya kale ya Busir: kote akaona ni mfupa mmoja usio na kiungo. Alimheshimu sana Jalinus, lakini aliyasadiki macho yake zaidi. Nasi hata kumwuliza mwalimu dalili ya neno lake twaogopa, tukaiita hofu hiyo adabu.

Haya yote aliyaandika katika kitabu alichokimaliza mwaka 600 Hijria. Alifariki Baghdad mwaka 629 (1231), akiwa njiani kwenda Hija. Kitabu chake kilichapishwa Oxford mwaka 1800 kwa Kiarabu na Kilatini, na Paris mwaka 1810 kwa Kifaransa.