Mzee Poiseuille na mshipa wa kichanga

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Likizo moja nilikuta dada yangu amejifungua, na mtoto anapumua kwa shida. Nilisimama mlangoni mwa wodi nikimtazama nesi akitafuta mshipa: mara mkononi, mara mguuni, mara kichwani. Mwishowe kanula ya njano, ile namba 24, ikaingia. Dawa ikaanza kushuka polepole mno. Nikajiuliza, kwa nini asiweke pana kidogo?

Jibu nililikuta chuoni, kwa mtu aliyefariki mwaka 1869.

Jean Léonard Marie Poiseuille alizaliwa Paris mwaka 1797, baba yake fundi seremala. Mwaka 1815 aliingia École Polytechnique kusoma fizikia na hesabu. Mwaka uliofuata shule ikafungwa kwa sababu za kisiasa. Jamaa hakukaa kijiweni, akahamia udaktari, ila hesabu zake akabeba.

Mwaka 1828 alitoa tasnifu kuhusu nguvu ya moyo. Zamani, kupima presha ya mnyama kulihitaji bomba la kioo refu kupita mtu. Yeye akatumia zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi, hivyo bomba fupi lenye umbo la U likatosha. Ndiyo maana hadi leo presha tunaitaja kwa milimita za zebaki.

Kisha akataka kujua damu inapitaje kwenye mishipa midogo kabisa. Damu huganda, basi akapitisha maji kwenye vijibomba vya kioo, vingine vyembamba kuliko unywele. Alipima kwa miaka, akatangaza matokeo kuanzia 1840. Gotthilf Hagen wa Ujerumani naye alikuwa amefikia jambo hilohilo kivyake.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi wa Tunduma tunajua foleni ya malori ya kwenda Nakonde: ukiongeza njia moja ikawa mbili, yatapita mara mbili. Mrija hauko hivyo. Ukipanua kipenyo mara mbili, kwa presha ileile, kinachopita ni mara 16! Maji yanayogusa ukuta hayasogei, ya katikati ndiyo yanayokimbia. Ukifupisha mrija nusu, unapata mara mbili tu.

Mwaka 1975, California, daktari Robert Bartlett aliokoa kichanga kwa mashine inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni nje na kuirudisha. Pampu unaweza kuikuza, ila mshipa wa shingo ya mtoto hauongezeki. Ukivuta kwa nguvu, chembe nyekundu zinapasuka. Kwa hiyo mafundi wa kanula hupambana na unene wa ukuta: nje ibaki ileile, tundu la ndani likue. Kipenyo cha ndani kikiongezeka asilimia 10, kwa hesabu ya Poiseuille mtiririko unapanda karibu asilimia 46. Kwenye kanula halisi damu ikienda kasi huvurugika, faida ikapungua, lakini hapo ndipo pa kuanzia.

Mzee huyo hakuwahi kuiona mashine hiyo. Alikaa na vioo vyake, akapima.

Mpwa wangu sasa anakimbia. Nesi yule hakukosea: mshipa wa kichanga ndio uliokuwa umemwekea mpaka. Sisi tunaosoma uhandisi, kazi yetu ni ukuta ule. Tuupunguze.