Bibi Salma wa Mtoni, pepo na akili ya ndani

Wengi wetu tumewahi kuona au kusikia ngoma ya pepo. Ubani unafukizwa, watu wanaimba, ngoma inapigwa kwa mdundo uleule, kisha mgonjwa anabadilika sauti. Binti mmoja wa Sultani wa Zanzibar aliandika habari za watu waliopandwa na pepo zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Sayyida Salma alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Enzi hizo mtoto wa kike alifundishwa kusoma, si kuandika. Salma alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka 1867, naye akaitwa Emily. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo.

Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886. Humo mna sura inayoeleza maradhi, matibabu ya kwao na waliopandwa na pepo. Miaka hiyohiyo, huko Paris, daktari Jean-Martin Charcot alikuwa akichunguza hipnosi kwa wagonjwa wake.

Hipnosi ni nini? Si usingizi, wala si uchawi. Mtu hutulia, akafuata sauti moja mpaka mawazo mengine yanafifia. Akili ya juu, ile inayopima na kubisha, hulegea kidogo. Hapo maneno ya anayemwongoza hufika kwa urahisi kwenye akili ya ndani, inayobeba mazoea, hofu na kumbukumbu. Asiyetaka halazimishwi. Ngoma ya pepo ina imani na mila zake, si hipnosi. Lakini mdundo, wimbo na matumaini ya waliokusanyika navyo huvuta fikira za mtu upande mmoja.

Siku hizi madaktari hutumia hipnosi kupunguza maumivu na wasiwasi. Ila ina mpaka. Mama yake Salma alifariki mwaka 1859, kipindupindu kilipoua watu wengi Unguja. Ugonjwa ule huletwa na vijidudu vya kwenye maji na chakula kichafu; hauondoki kwa ngoma wala kwa maneno.

Salma alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mgonjwa wako akiharisha, akiwa na homa au akipata degedege, mpeleke kituo cha afya kwanza. Moyo wenye huzuni nao una dawa yake: kusikilizwa, kutulizwa, na kutoachwa peke yake.