Francis Bacon, mhandisi aliyewapa wanaanga umeme na maji

Wakaaji wa Lubumbashi, waliozoea giza la umeme kukatika, wana sababu ya kumjua Francis Thomas Bacon. Mhandisi huyo Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1904, alianza katika miaka ya 1930 kutafuta namna ya kupata umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni, bila moto wala moshi. Mwajiri wake alimtaka aache majaribio hayo ya hatari au aondoke. Akaondoka, akaendelea. Mwaka 1959, huko Cambridge, mtambo wake ulitoa kilowati 5. Mwaka 1969, mitambo iliyotokana na kazi yake iliwapa wanaanga wa Apollo 11 umeme, pamoja na maji ya kunywa. Alifariki mwaka 1992.