Je, Kwaresima ni ya Mmoja au ya Wawili?

Jumatano ya Majivu inapokaribia kila mmoja hujiuliza atajinyima nini. Mama ataacha nyama na chai ya maziwa, baba ataacha pombe. Lakini kwa aliyefunga ndoa kuna swali jingine ambalo wengi huliruka: je, mwenzangu anajua? Mke aliyeacha nyama bado ana mume anayerudi na njaa. Mume aliyeacha pombe, zile pesa zinakwenda wapi? Na wako wanaohama kitanda kwa siku arobaini bila kuulizana, ilhali Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, anataka jambo hilo liwe la mapatano na la muda tu. Kanisa lenyewe halidai mengi: kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa wenye miaka 18 hadi 59, na toba ya siku za Ijumaa. Yanayozidi hapo ni ya hiari, na ya hiari ndiyo huleta ugomvi nyumbani.

Mwezi huu tumtazame mke mmoja aliyejinyima mengi bila kuvunja nyumba yake, Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria.

Alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea II. Akiwa na miaka minne alipelekwa Thuringia, katika Ujerumani, akalelewa ukweni. Mama yake aliuawa mwaka 1213, mtoto akiwa huko ugenini. Tangu utoto alijinyima vitu vidogo vidogo: mchezo ukimwendea vizuri aliuacha pale pale, na kwenye ngoma ya duara alizunguka mara moja, mizunguko mingine akamwachia Mungu. Mwaka 1221 aliolewa na Ludwig, mtawala wa Thuringia. Bibi arusi alikuwa na miaka 14, bwana arusi 20. (Sheria ya Kenya leo isingeiruhusu ndoa hiyo.) Walipendana kiasi cha kuwashangaza watu wa ngome ya Wartburg. Kinyume cha desturi, Elizabeti aliketi mezani kando ya mumewe, na mara nyingi alipanda farasi akafuatana naye safarini.

Alizoea kuamka usiku kusali. Ludwig alimsihi asijitese, na mara nyingine alimshika mkono naye amepiga magoti kando ya kitanda. Ili asimsumbue bwana, Elizabeti aliwaagiza wajakazi wamwamshe kwa kumvuta mguu. Usiku mmoja Isentrud akavuta mguu usio wake, maana Ludwig alikuwa ameunyoosha upande wa mkewe. Akazinduka, akaelewa ni kwa ajili gani, akanyamaza. Mumewe akiwa mbali, Elizabeti alivaa nguo duni kama mjane. Akisikia anarudi, alivaa vizuri na kujipamba, kwa kuwa hakutaka toba yake yeye iwe sababu ya mume kuvutwa na wanawake wengine.

Sasa tuje mezani. Mwaka 1226, kwa ridhaa ya Ludwig na bila kugusa haki zake kama mume, Elizabeti aliahidi kumtii padre mmoja aliyeitwa Conrad wa Marburg. Conrad akamkataza kula chochote ambacho dhamiri yake haina hakika kimetoka wapi. Watumishi wa serikali ya Thuringia walikuwa na tabia ya kuwanyang'anya wakulima nafaka na mifugo, na vitu hivyo vilifika jikoni. Basi Elizabeti alikula tu kilichotoka katika mashamba halali ya mumewe. Aliuliza chakula kimetoka wapi, divai imetoka wapi. Siku nyingine kilichokuwa halali ni chakula tu, siku nyingine kinywaji tu. Vyote vikiwa safi alipiga makofi kwa furaha. Ilitokea akainuka na njaa mbele ya meza iliyojaa, huku akivunjavunja mkate ili wageni wadhani anakula.

Na Ludwig? Hakufunga. Alisema angefanya hivyo hivyo kama asingeogopa maneno ya watu wa nyumba yake. Lakini hakumdhihaki wala hakumlazimisha kula, bali alimjulisha kwa siri sahani ipi aiguse na ipi aiache. Elizabeti naye hakumnunia kwa sababu anakula. Wanandoa wengi wanaolalamika kwamba mwenzao hataki kufunga pamoja nao wangeridhika na msaada kama huo, nami naona unatosha.

Tena tazameni alichokuwa anaacha: chakula cha dhuluma, na waliodhulumiwa aliwatafuta awalipe kadiri alivyoweza. Hili liko karibu nasi sana. Kuna nyumba inayoacha nyama kila Ijumaa huku yaya jikoni hajalipwa miezi miwili. Baba na mama wa nyumba hiyo wakae chini jioni moja kabla ya Majivu, wahesabu wanachodaiwa, waanzie hapo.

Mwaka huo huo wa 1226 njaa iliikumba nchi, naye Ludwig alikuwa Italia kwa kazi ya Kaisari. Elizabeti alifungua maghala, akagawa nafaka, akaanzisha chini ya Wartburg hospitali ya wagonjwa 28. Bwana aliporudi, wasimamizi walimshtaki mke kwamba ameimaliza mali. Ludwig alisimama upande wake.

Mwaka uliofuata alikwenda vitani na wapiganaji wa msalaba, akafa kwa homa Otranto, Italia, Septemba 1227. Siku chache baadaye Elizabeti alijifungua mtoto wao wa tatu, Gertrude. Alikuwa mjane wa miaka 20, na baridi hiyo aliondoka Wartburg. Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, katika kanisa dogo la Wafransisko mjini Eisenach, aliuacha ulimwengu na mapenzi yake mwenyewe. Alitaka kuacha na mali zote, lakini Conrad alimzuia, kwa kuwa yalikuwako madeni ya marehemu mumewe ya kulipa na maskini wa kusaidia. Hapo padre alisema kweli. Lakini baadaye kule Marburg, Elizabeti alikojenga hospitali na kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake, Conrad alimpiga na kumwondolea rafiki zake wa tangu zamani. Hilo silisifu, wala mume au mke yeyote asiliite toba.

Elizabeti alifariki Novemba 1231, akiwa na miaka 24, na Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu mwaka 1235. Mambo ya kitandani na mezani tunayajua kwa sababu wajakazi wake, Isentrud akiwa mmoja wao, waliulizwa wakayasimulia. Ludwig hakutangazwa rasmi kamwe. Mifupa yake ilirudishwa na kuzikwa Reinhardsbrunn, na watu wa Thuringia wakamwita mtakatifu hata hivyo.