Greco, jamaa aliyeacha mitego ya chesi inayonasa watu mpaka leo

Kwenye vijiwe vya Masasi mjini na Newala, drafti ndiyo bosi. Ubao umechorwa kwa rangi, kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimelala na upande wa pili vimegeuzwa. Bao nalo lina wazee wake. Chesi ni mgeni kidogo. Wengi wamekutana nayo kwenye simu, na wengi wao wameonja aibu ileile: unasogeza kete nne au tano, unajiona uko vizuri, halafu skrini inakuambia mchezo umekwisha.

Mara nyingi mtego uliokunasa uliandikwa na mtu aliyekufa takriban miaka 390 iliyopita. Jina lake Gioachino Greco.

Alizaliwa karibu mwaka 1600 katika kijiji cha Celico, kwenye vilima vya karibu na mji wa Cosenza, mkoa wa Calabria. Kama unaijua ramani ya Italia yenye umbo la buti, Calabria iko kule kwenye ncha ya mguu. Ni kusini, mbali na mahakama za kifalme na mbali na hela, kama Newala ilivyo mbali na Dar es Salaam. Lakini Calabria ilikuwa na historia yake kwenye chesi. Mwaka 1575 mtu wa huko, Leonardo wa Cutro, alikwenda Madrid akamshinda padri Ruy López, aliyekuwa tishio la Hispania nzima. Mtoto wa Celico alizaliwa katika nchi yenye shujaa tayari.

Kwa wanaopenda kujua huku kwetu kulikuwa na nini wakati huo: mwaka 1616, Greco akiwa kijana wa miaka 16 hivi, Mreno Gaspar Bocarro alitembea kwa miguu kutoka Tete, akavuka mto Ruvuma, akafika Kilwa. Ni Ruvuma hiihii ambayo ukisimama Newala pale Shimo la Mungu unaitazama bonde lake chini.

Sasa, kwa nini mitego? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui.

Mchezo ambao Waarabu waliupeleka Ulaya, ule ambao Kiswahili kiliuita sataranji, ulikuwa wa polepole. Kete ya pembeni ya mfalme ilikuwa waziri, na waziri huyo alisogea hatua moja tu kwa mshazari. Ungeweza kuanza kizembe na usipate hasara yoyote kubwa kwa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na Italia, sheria zikabadilishwa. Waziri akawa malkia anayekimbia ubao mzima kwa mstari ulionyooka na kwa mshazari, na askofu naye akarefushiwa mbio. Ghafla mfalme akawa anaweza kufa kabla hujanywa chai yako. Wakati wa Greco, zaidi ya miaka 100 baadaye, bado kulikuwa na watu wengi wenye pesa waliopenda mchezo na hawakujua namna ya kuuanza.

Greco aliiona biashara hapo.

Karibu mwaka 1620 alikuwa Roma, akiwaandikia wakubwa wa kanisa madaftari ya chesi kwa mkono. Kila daftari lilikuwa la mtu mmoja: tajiri anampa hifadhi na fedha, naye anampa siri za namna ya kuanza mchezo na namna ya kumnasa mwenzake. Enzi zile kuwa na daftari la Greco ilikuwa kama kuwa na majibu ya mtihani. Mwaka 1621 alikuwa Nancy, kwenye mahakama ya mtawala wa Lorraine, bado anaandika na kuuza. Kisha akaingia Paris na kuwakung'uta wachezaji wakubwa wa mji. Inasimuliwa kwamba alikusanya scudi 5,000, fedha nyingi sana kwa mtu anayeishi kwa mchezo.

Fedha hizo hazikufika mbali. Mwaka 1622, akiwa njiani kwenda London, majambazi walimkwapua zote. Mtu aliyekuwa akiwasomea wenzake hatua tano mbele hakuwaona.

London alifika mikono mitupu. Na hapohapo ndipo alipofanya kitu ambacho ndicho kimembakiza. Kabla yake, vitabu vingi vya chesi vilikuwa na maelezo ya hatua za mwanzo tu, au mafumbo ya mwisho wa mchezo. Greco akaanza kuandika mchezo mzima, kuanzia kete ya kwanza mpaka mfalme anakwisha. Msomaji anaona kosa, anaona adhabu, na anaona kwamba adhabu imetokana na kosa lile.

Tuchukue machache. Ukiwa na simu, fungua ubao ufuatishe.

La kwanza ni la kufungua mlango wa mfalme mwenyewe. Mweupe anapeleka mbele askari wawili wa katikati. Mweusi anajifanya mjanja: anatoa askofu wake kwa pembeni, alenge ngome ya mweupe kwa mbali. Mweupe naye anasogeza askofu wake pale mbele ya malkia. Mweusi anasukuma hatua mbili askari aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme, akidhani anachokoza. Askari wa mweupe anamla. Askofu wa mweusi anakula askari wa pembeni na sasa ngome iko mdomoni. Mweupe haiangalii hata kidogo. Anarusha malkia mpaka ukingoni, cheki. Mweusi anaziba kwa askari, askari wa mweupe anasonga mbele na kumla huyo pia.

Hapa ndipo penyewe. Mweusi anatoa farasi kumtishia malkia, na anaona raha. Askari wa mweupe anakula tena, safari hii yule wa ukingoni, na njia ya malkia inafunguka: cheki. Farasi anamla malkia. Umepata malkia wa bure! Kisha askofu wa mweupe anateleza hatua tatu kwa mshazari na mfalme mweusi hana pa kwenda. Amezungukwa na watu wake mwenyewe. Hatua 8 tu. Kumbe badala ya farasi angesogeza askofu aliyesimama ubavuni mwa mfalme, mfalme angepata nafasi ya kukimbilia na mchezo ungeendelea. Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni yule askari aliyesukumwa mwanzoni. Mchezaji wa bao anaelewa haraka: nyumba yako ina kete sita tangu mwanzo, na mwenye akili hakubali ilike mapema wakati bado ana kete 22 za kunamua mkononi. Mfalme wa chesi ana nyumba yake pia, na askari huyo ni sehemu ya ukuta.

La pili ni la tamaa, na hili watu wa mikoa ya korosho watalielewa kuliko Wazungu. Mweupe anasogeza askari wa malkia hatua mbili, mweusi anajibu vilevile. Mweupe anatoa askari mwingine wa jirani, aliwe. Mweusi anamla. Mpaka hapo hakuna ubaya, wakubwa wa chesi wanafanya hivyo kila siku. Ubaya ni kinachofuata: mweusi anataka kumng'ang'ania askari wake aliyeshinda, anamlinda kwa askari wa pili, kisha wa tatu. Mweupe anashambulia kwa askari wa ukingoni, wanakulana, na kumbe ule mshazari mrefu mpaka kwenye ngome ya mweusi umebaki mtupu. Malkia wa mweupe anatoka hatua mbili tu na ngome imenaswa. Ili kuiokoa, mweusi atatoa farasi au askofu. Amelinda askari mmoja akapoteza kete ya thamani ya askari watatu. Ndiyo kangomba yenyewe: mkulima anakimbilia hela ya haraka mlangoni, halafu anasikia bei ya mnada akiwa ghala lake tupu.

La tatu linawanasa hata wanaojiona wameshakua. Mweusi amemficha mfalme wake pembeni kwa hatua ile ya kubadilishana na ngome, anapumua. Anayelinda askari wa ukingoni mbele ya mfalme ni farasi mmoja. Mweupe anasukuma askari wa katikati, farasi anafukuzwa, na askofu anajitoa mhanga kwa kumla yule askari wa ukingoni. Mfalme akimla askofu, farasi anaruka na cheki, na malkia yuko nyuma yake anakuja. Greco alishatanguliza askari wake wa ukingoni hatua mbili, kwa hiyo mweusi akimla farasi, askari huyo analipiza na mlango wa ngome unakuwa wazi. Wapo wanaojifunza hili miaka mitatu na bado wanalikubali mwezini mara mbili.

Cha ajabu ni kwamba wale wanaopigwa kwenye madaftari ya Greco hawana majina. Wachunguzi wengi wa historia ya chesi wanaona kwamba michezo mingi aliitunga mwenyewe: alifikiri mtu atakosea vipi, akaandika kosa hilo, kisha akaandika adhabu. Wengine humbeza kwa hilo, kwamba wapinzani wake ni dhaifu mno. Lakini huo ndio uzuri wake. Kucheza kwa bingwa mmoja dhidi ya bingwa mwingine hakumsaidii mtu anayeanza. Mtu anayeanza anapigwa na anayeanza mwenzake, na wote wawili wanafanya makosa yaleyale ambayo Greco aliyakisia akiwa na kalamu.

Mwaka 1624 alirudi Paris na madaftari mapya. Baadaye akaenda Madrid, kwenye mahakama ya mfalme Felipe IV, na huko pia akawashinda waliokuwepo. Kutoka Hispania bwana mmoja mkubwa alimchukua katika safari ya kuvuka bahari mpaka visiwa vya Karibi. Hakurudi. Alifariki huko karibu mwaka 1634, akiwa na umri wa miaka 34 au pungufu kidogo. Fedha alizokuwa amezipata kwa mchezo aliwaachia mapadri wa Jesuiti.

Maisha yake yote hakuchapisha kitabu. Aliwauzia matajiri mmojammoja, na kila tajiri alitaka siri ibaki kwake. Mwaka 1656, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake, Francis Beale akaichapa michezo hiyo London, na mwaka 1669 ikatoka Paris kwa Kifaransa. Siri zilizolipiwa na makadinali zikawa za yeyote mwenye bei ya kitabu, na leo ziko ndani ya programu za bure, ambapo kijana wa Masasi mwenye bundle ya siku anaweza kunaswa nazo saa nne usiku na kuanza upya saa nne na dakika mbili.